Meseji Zinazofanya Kazi: Vidokezo kwa Wenye Biashara na Watengeneza Programu

Pale Kariakoo, Kongowea au Gikomba, mauzo hayajaisha mpaka simu ya muuzaji ilie. Mnunuzi amekwisha kutuma pesa na anaonyesha simu yake, lakini muuzaji anasubiri meseji ya kwake mwenyewe, yenye kiasi, jina na namba ya muamala. Ikiingia, mzigo unafungwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo meseji hiyo imekuwa risiti, daftari la mauzo na ushahidi ukitokea ubishi.

Kwa hiyo anayejenga programu ya biashara, iwe ya duka la vifaa vya ujenzi, kikoba, zahanati au usafirishaji wa vifurushi, anayo mikononi njia ambayo watu walikwisha kuiamini. Inafika kwenye kitochi. Haidai bando. Inasubiri simu iliyozimwa mpaka iwashwe. Naumia ninapoona biashara nyingi zikiigeuza kuwa kipaza sauti cha mnadani: punguzo leo, ofa kesho, shinda gari keshokutwa, mpaka mteja anafuta bila kusoma, na siku inapokuja meseji yenye maana nayo inafutwa. Meseji inayostahili kutumwa ni ile inayobeba kazi. Vidokezo hivi vinahusu namna ya kuiandika, kuituma, na kuipokea inaporudi.

1. Anza na swali wateja wanalopiga simu kuuliza

Kaa siku chache na mtu anayepokea simu za biashara yako. Sikiliza. "Mzigo wangu umefika?" "Marejesho yangu yamebaki kiasi gani?" "Daktari wa macho yupo leo?" Swali linalojirudia ndilo meseji yako ya kwanza. Mteja amekwisha kukuonyesha anachohitaji, tena kwa vocha yake mwenyewe.

Kabla ya kumlipa mtengeneza programu, zitume meseji hizo kwa mkono kwa wateja wachache. Utajua mapema kama zinapunguza simu za kuuliza, na maneno gani yanawachanganya watu. Kubadilisha sentensi kwenye simu yako ni bure. Kuibadilisha ndani ya mfumo uliokwisha kununuliwa ni habari nyingine.

2. Herufi 160 ni chache, usizimwage kwenye utangulizi

Kikomo hiki kina historia. Katikati ya miaka ya 1980, Mjerumani Friedhelm Hillebrand na wenzake waliokuwa wakiandaa viwango vya simu za mkononi za Ulaya walilazimika kuubana ujumbe ndani ya nafasi finyu sana ya mawasiliano ya mtandao, baiti 140. Kwa namna herufi zinavyopangwa humo, zinaenea 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kikomo hicho hakijabadilika.

Ukizidisha herufi moja, ukafika 161, unalipia meseji mbili. Na kila kipande sasa kinabeba herufi 153 tu, kwa sababu zinazobaki zinatumika kuiambia mitambo namna ya kuviunganisha vipande hivyo.

Sasa tazama: "Ndugu mteja wetu mpendwa, tunapenda kuchukua fursa hii kukufahamisha kwamba". Hizo ni herufi 75, karibu nusu ya nafasi yote, na mteja bado hajaambiwa kitu. Linganisha na hii:

"Mzigo wako wa mabati 20 umefika ghalani Buguruni. Uchukue Jumanne 14 Mei, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jibu 1 ukija, 2 kama tukuletee."

Herufi 138. Kitu gani, kiko wapi, lini, na afanye nini. Hata aliyesimama ndani ya daladala, simu mkono mmoja na bomba mkono wa pili, ameelewa.

3. Ng'ombe anaweza kukutoza mara tatu

Kiswahili kina bahati kubwa kwenye meseji. Hatuna alama juu ya herufi, kwa hiyo karibu kila tunachoandika kinaenea katika orodha ya herufi za kawaida za simu. Tatizo liko kwenye ritifaa. Ukiandika "ng'ombe" au "ng'ambo" kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, mara nyingi inakugeuzia ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha. Herufi hiyo moja ikiingia, meseji nzima inahamishiwa kwenye mpangilio mwingine wa herufi, ambao kikomo chake ni 70, na 67 kwa kila kipande ikigawanywa.

Fanya hesabu. Meseji ya herufi 150 kwa wafugaji wako, iliyokuwa moja, inakuwa tatu. Ukiwa na wafugaji elfu kumi umelipia elfu thelathini, na hakuna aliyekosea tahajia. Alama za kunukuu zilizopinda, mstari mrefu wa kutenganisha maneno na vikatuni vya nyuso vinafanya vivyo hivyo. Mwambie mtengeneza programu aweke kichujio kinachonyoosha alama hizi kabla meseji haijatoka, na kionyeshe idadi ya herufi pale pale unapoandika. Ni kazi ya saa chache, na inajilipa siku ya kwanza.

4. Salimia, lakini mashine isimwamkie mtu

Watu wetu hawapendi kuvamiwa na habari bila salamu, na sidhani kama biashara inapaswa kuwafundisha vinginevyo. "Habari" moja inatosha. "Shikamoo" iache: programu haijui umri wa anayesoma, na kijana wa miaka ishirini akiamkiwa na duka la simu atahisi kwamba hakuna mtu nyuma ya maneno hayo. Kwa sababu hiyo hiyo usibahatishe "Bwana" au "Bibi" kwa kuangalia jina. Asante mwishoni inafaa palipo na jambo la kushukuru, kama malipo yaliyopokelewa.

5. Usiandike "kesho"

Meseji haiendi moja kwa moja kutoka kwako hadi kwa mteja. Inahifadhiwa kwanza kwenye kituo cha kampuni ya simu, na simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, inasubiri. Mkulima aliyeshinda shambani na betri imekwisha anaweza kuisoma baada ya siku mbili. "Kikao ni kesho" kwake kimekuwa uongo. Andika siku na tarehe: "Jumamosi 18 Mei".

Saa nazo zinataka uangalifu. Andika saa za Kiswahili, na utaje sehemu ya siku: saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. "10:00" iliyokaa peke yake ina wasomaji wawili, mmoja atafika asubuhi na mwingine jioni. Seva nyingi zinahesabu saa kwa wakati wa kimataifa. Kwenye seva ikiwa 07:00, Dar es Salaam na Nairobi ni saa 4 asubuhi, lakini Goma na Kigali ni saa 3. Ukiwa na wateja wa pande zote mbili, programu ilijue hilo kabla hujaahidi muda.

Na meseji yenyewe uitume lini? Usiku waache watu walale. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi wengi wako ibadani. Mwezi wa Ramadhani, Zanzibar au Mombasa, tangazo la chakula saa 7 mchana ni kukosa adabu. Baada ya futari ndipo watu wanapokaa na simu zao. Kwa wakulima, siku moja kabla ya gulio inafaa kuliko siku yoyote nyingine ya juma. Unaweza pia kuziwekea meseji muda wa kufa: kama haijafika ndani ya saa sita, ifutwe. Kwa taarifa ya gari linaloondoka jioni, hilo ni jambo la lazima.

6. Acha mlango wa kujibu

Hiki ningependa kila mwenye biashara akisome mara mbili. Meseji nyingi za biashara zinatoka kwa jina badala ya namba: jina la duka au benki, lisilozidi herufi 11. Linapendeza, na linamtambulisha mtumaji. Lakini jina halijibiwi. Mteja akibonyeza kujibu, ujumbe wake hauendi popote. Umemsemesha mtu kisha umemfungia mlango.

Angalia kilichotokea Kenya katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 2010. Wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU walitumiwa meseji kila Jumatatu asubuhi, yenye neno moja: "Mambo?" Ndani ya siku mbili walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Aliyekaa kimya naye alipigiwa. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililotumiwa meseji asilimia 62 walikuwa wakizingatia dawa zao ipasavyo, na katika kundi ambalo halikutumiwa, asilimia 50.

Meseji ile haikumwambia mgonjwa ameze dawa. Haikuwa na somo. Iliuliza, ikasubiri, na nyuma yake kulikuwa na mtu tayari kupiga simu. Nguvu yote ilikuwa hapo, na hapo ndipo biashara nyingi zinaposhindwa: zinanunua mtambo wa kutuma na kusahau kumwajiri wa kusoma.

Mfano wa pili ni wa Tanzania. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulianza katika Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo vya afya 129 kwa jumla. Kila juma vituo viliulizwa kwa meseji ni kiasi gani cha dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano kimebaki, na wahudumu wakajibu kwa simu zao wenyewe. Kutuma jibu hakukuwagharimu, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa vocha. Mradi ulipoanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya majuma 21 vilikuwa 26. Dawa zilikuwapo wilayani. Kilichokosekana ni mtu wa wilaya kujua Jumatatu asubuhi kwamba zahanati fulani rafu zake ni tupu na ya jirani zimejaa.

Mwenye maduka matano ya rejareja anaweza kufanya jambo hilo hilo kwa sukari, unga na mafuta ya kupikia. Omba namba fupi inayopokea majibu kutoka kwa kampuni ya simu, au kwa wanaounganisha biashara na kampuni za simu, kama Africa's Talking ya Nairobi. Gharama ya kujibu ibebe wewe. Mtu mwenye vocha ya shilingi mia mbili hatazitumia kukusaidia kupanga stoo yako, wala hastahili kulaumiwa.

7. Yapokee majibu kama watu wanavyoandika

Umesema jibu "NDIYO". Utapokea ndio, ndiyo, Ndyo, ndo, sawa, sw, ok, poa, eeh, 1, moja, na "ndio ila nitachelewa kidogo mvua inanyesha huku". Yote ni ndiyo. Programu inayorudisha "Jibu lako si sahihi" kwa mtu aliyesema "sawa" inamdharau bila sababu. Namba ni rahisi kuliko maneno, hasa kwenye kitochi, kwa hiyo mpe 1 na 2. Puuza herufi kubwa na ndogo, puuza nafasi za ziada. Na kila jibu ambalo programu imeshindwa kulielewa liende kwa binadamu siku hiyo hiyo. Humo ndimo utakapokuta malalamiko, maombi mapya ya bidhaa na habari za wizi wa ghalani.

Kwa maswali marefu yenye hatua nyingi, menyu ya nyota na reli inafaa zaidi: mtu anachagua hatua kwa hatua na anajibiwa papo hapo. Upungufu wake ni kwamba ikifungwa haiachi alama kwenye simu. Mtu akimaliza menyu, mtumie meseji moja ya kumbukumbu.

8. Simu inaweza kusomwa na nyumba nzima

Tunajenga programu kana kwamba kila namba ni mtu mmoja. Kwenye nyumba nyingi simu iko mezani, watoto wanachezea, mume anapokea ya mke, bibi anasomewa na mjukuu. Meseji inajitokeza juu ya kioo hata kabla simu haijafunguliwa.

Fikiria mama anayeweka akiba kwenye kikoba kwa ajili ya ada, na hajamwambia mtu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Meseji inaingia jioni, familia imekaa: "Hongera! Akiba yako imefikia Sh 640,000." Umemwingiza kwenye ugomvi, au kwenye foleni ya ndugu wa kukopa. Programu njema inamwuliza siku ya kujiunga: tukutumie salio, au tukujulishe tu kwamba muamala umekamilika, kiasi utakitazama mwenyewe? Kwa zahanati na maduka ya dawa, jina la ugonjwa au la dawa lisiandikwe kamwe. Rudia kuisoma ile "Mambo?" Mtu yeyote angeweza kuiona, na asijue chochote.

9. Usifanane na tapeli

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ile ya "ile hela itume kwenye namba hii". Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetenga namba 15040 ya kuzipeleka meseji na namba za matapeli. Wateja wako wamefunzwa kushuku, na ni vizuri. Kazi yako ni kuhakikisha meseji yako halali haina hata dalili moja ya utapeli.

Tumia jina moja la mtumaji, au namba fupi moja, siku zote. Usitume kiungo kilichofupishwa kisichoonyesha kinakokwenda. Usimtake mtu atume pesa kwenye namba binafsi ya mfanyakazi, hata kama mtandao wa malipo umekwama siku hiyo. Usiombe namba ya siri kwa meseji, kwa hali yoyote. Taja kitu ambacho wewe na mteja tu mnakijua, kama namba ya oda yake. Na maneno ya kutisha, "akaunti yako itafungwa leo", waachie hao wengine.

10. Meseji ya malipo bado si malipo

Wapo wanaotengeneza meseji za malipo za uongo zenye jina, kiasi na namba ya muamala, wakazituma wakati duka limejaa watu. Mfanyakazi wa kaunta afundishwe kitu kimoja: angalia jina la mtumaji wa meseji, kisha angalia salio. Kama programu yako inapokea malipo, iunganishe na mfumo wa kampuni ya simu yenyewe. Safaricom wanayo njia yao ya kuunganisha, inaitwa Daraja, na kampuni nyingine zina za kwao. Mfumo ndio ukwambie pesa imeingia, na namba moja ya muamala isikubaliwe mara mbili.

Zamani wengi walijenga programu iliyosoma meseji za malipo kwenye simu ya duka na kuzinakili kwenye daftari la hesabu. Mwaka 2018 Google walitangaza masharti makali kuhusu programu zinazosoma meseji kwenye simu za Android, na nyingi za namna hiyo zikakosa nafasi kwenye duka lao la programu. Masharti hayo yalikuwa haki. Programu inayosoma meseji zote za mtu inasoma pia za daktari wake na za mpenzi wake.

11. Namba za uthibitisho zisibebe mzigo usio wake

Kumtumia mteja namba sita za kuthibitisha kwamba ni yeye ni jambo la kawaida sasa. Linafaa kwa kufungua akaunti ya duka. Kwa kutoa pesa nyingi, halitoshi peke yake, kwa sababu laini inaweza kusajiliwa upya kwa hila na kuhamia mikononi mwa mwizi, pamoja na meseji zake zote. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2017 iliiweka meseji kwenye kundi la njia za kuthibitisha zinazotumika kwa masharti. Ongeza namba ya siri, au simu ya kuhakiki kwa kiasi kikubwa.

Na meseji iseme namba hiyo inafanya nini: "483920 ni ya kuidhinisha KUTOA Sh 200,000. Kama si wewe unayetoa, usimpe mtu." Aliyepigiwa simu na tapeli na kuambiwa kwamba ni "namba ya zawadi" atapata nafasi ya mwisho ya kushtuka.

12. Deni ni la aliyekopa

Programu za mikopo zimefanya jambo ovu kwa meseji, na halina jina jingine. Zinachukua majina yote kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, mama mkwe, mwajiri na shehe wa msikiti wanatumiwa habari za deni lake. Watu wamevunjiwa heshima kwa mkopo wa shilingi elfu thelathini. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho na kuwaendea watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Tanzania nayo, Novemba 2024, Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Kumkumbusha mdaiwa ni halali na ni msaada. Mtumie siku tatu kabla, siku yenyewe, na siku moja baada. Taja kiasi, tarehe na njia ya kulipa, na mpe namba ya kuchagua akitaka kuzungumza: "Jibu 2 ukihitaji muda." Utashangaa ni wangapi wataijibu hiyo 2, na wangapi kati yao watalipa.

13. Hifadhi namba vizuri

Hifadhi kwa mfumo wa kimataifa, +255 au +254, kwa sababu mteja mmoja ataandika 0754, mwingine 754, na wewe utawahesabu watu wawili. Usikisie mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Kuhama mtandao bila kubadili namba kumeruhusiwa Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Basi kila mara mteja anapofika dukani, mwulize: namba ni ile ile?

14. Omba ruhusa, na "ACHA" iwe na maana

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Aliyekuachia namba ili upeleke gesi nyumbani kwake alikupa kwa ajili ya gesi. Mwombe ruhusa ya matangazo kwa swali la peke yake, na likikataliwa gesi bado ifike.

Kwenye meseji za matangazo weka njia ya kujitoa, "Jibu ACHA", bila malipo. Akijibu, aondolewe siku hiyo, na orodha ya waliojitoa iangaliwe kabla ya kila utumaji. Tenganisha orodha mbili: ya matangazo na ya huduma. Aliyechoka na ofa zako bado anataka kujua mzigo wake umefika.

15. Fuatilia zilizofika, na zile ambazo hazikufika

Mtambo utakuambia meseji "imetumwa". Hiyo ina maana imetoka kwako tu. Unachotaka ni taarifa kwamba imefika kwenye simu. Mwagize mtengeneza programu ahifadhi taarifa hiyo kwa kila meseji, na akupe orodha ya zilizoshindikana kila asubuhi. Zile za matangazo ziache. Zile za kazi, kama miadi ya hospitali, dawa, malipo au gari linaloondoka, zirudiwe mara moja baada ya saa chache, na zikikwama tena mtu apige simu.

Risiti isirudiwe hovyo. Mteja akipata meseji mbili za "Tumepokea Sh 50,000" anaamini amekatwa mara mbili, na atakuwa kaunta kwako kabla hujafungua mlango. Kila risiti iwe na namba yake, na kama ni lazima itumwe tena, ianze hivi: "Nakala ya risiti Na. 2217, hujakatwa tena."